Msitushauri tufiche mimba, washaurini wasaili

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji wenu mmoja, naamini kwa nia njema, aliwashauri wajawazito wanaotafuta kazi wasubiri kwanza wajifungue, na wasioweza kusubiri wavae nguo pana na wakae kimya. Mimi ni mhasibu, nina mimba ya miezi sita, na mkataba wangu unakwisha kabla mtoto hajazaliwa. Kusubiri ni kwa mwenye akiba.

Kuhusu nguo pana, nadhani msomaji huyo hajawahi kuhesabu miezi. Tangazo la kazi hutoka, maombi yakapokelewa kwa wiki kadhaa, majina yakachujwa, ukaitwa mtihani wa kuandika, halafu ukakaa tena mpaka uitwe kwenye usaili wa ana kwa ana. Nilipotuma maombi hata mama yangu mzazi alikuwa hajui kitu. Nilipofika mlangoni kwa jopo, tumbo ndilo lililotangulia kuingia. Hakuna fundi cherehani wa kulificha hilo.

Walikuwa watatu. Walinipa taarifa ya benki na daftari la fedha wakanitaka nieleze kwa nini salio halilingani. Nikawaonyesha hundi mbili ambazo zilikuwa bado hazijapita benki, na makato ya benki ambayo karani hakuyaandika daftarini. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nikanyanyuka kurudisha karatasi mezani, na yule wa pembeni, ambaye muda wote alikuwa akiandika, akaweka kalamu chini. "Mama, unatarajia lini?" Nikamtajia mwezi. Kuanzia hapo hakuna aliyeniuliza kitu. Orodha yao ya maswali ilikuwa mbele yangu na ilikuwa imebaki zaidi ya nusu. Wakanishukuru kwa kufika, wakanitakia heri na mtoto.

Heri nimeipokea. Kazi sikupewa, na siwezi kuapa kwamba ni kwa ajili ya tumbo. Huenda alikuwepo aliyenizidi. Lakini ndiyo maana nasema swali lile lisiulizwe pale. Likishaulizwa, hata aliyekataliwa kihalali hawezi kuamini, na hata msaili mwadilifu kiasi gani hawezi kujifanya hakusikia jibu.

Wala si jambo ninalolitunga kwa hasira za kukosa. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unafahamika zaidi kwa kuweka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14. Ibara yake ya 9 haitajwi sana. Inazitaka nchi zilizouridhia zimkataze mwajiri kumdai mwombaji kazi apime mimba au alete cheti cha kipimo hicho, isipokuwa pale sheria za nchi zinapotaka hivyo kwa kazi walizokatazwa au kuwekewa mipaka wajawazito na wanaonyonyesha, au zenye hatari kubwa au inayojulikana kwa afya ya mama na mtoto. Sasa kama cheti hakidaiwi, kwa nini kinachoandikwa kwenye cheti kidaiwe kwa mdomo? Kulinganisha daftari na taarifa ya benki hakujawahi kumdhuru mtoto wa mtu.

Yupo pia mama mmoja wa Uholanzi, Elisabeth Dekker, aliyeomba kazi ya ukufunzi katika kituo cha vijana mwaka 1981. Aliiambia kamati mwenyewe kwamba ana mimba ya miezi mitatu. Kamati ikampendekeza yeye kuwa anayefaa kuliko wote. Mwajiri akakataa, kwa hoja kwamba bima haitamrudishia pesa atakazomlipa akiwa likizo na hatamudu kumlipa mtu wa kushika nafasi yake. Kesi ilifika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na mwaka 1990 ikaamuliwa kwamba kumnyima mtu kazi kwa sababu ya mimba ni ubaguzi wa kijinsia wa moja kwa moja, hata kama waombaji wote walikuwa wanawake, na kwamba hasara ya fedha haiwi kisingizio. Angalieni miaka: tisa. Mtoto aliyekuwa tumboni alishakuwa wa kwenda shule.

Lakini yule mwajiri simcheki. Mimi nafanya hesabu, najua ofisi ya watu watatu inavyoyumba mmoja asipokuwepo wakati wa kufunga mwaka. Penye mfuko wa hifadhi ya jamii unaolipa mafao ya uzazi, mwajiri hubakiwa na kazi ya kutafuta mtu wa muda tu. Pasipo na mfuko, analipa mishahara miwili kwa dawati moja, na ndipo macho yanapoanza kushuka tumboni. Mkataba huohuo wa 183 unasema mafao yatoke kwenye bima ya jamii au fedha za umma, ili kulinda nafasi ya wanawake kwenye soko la ajira. Wenye vyama vya waajiri wangelipigania hilo, badala ya kutupima kwa macho.

Basi isemwe lini? Maoni yangu ni kwamba isemwe baada ya barua ya ajira kutoka, kabla ya kuweka sahihi. Si kumficha mwajiri, maana hata mjamzito mwenyewe siku hiyo ana maswali yake mazito. Sehemu nyingi mafao ya likizo hutegemea umefanya kazi au umechangia kwa miezi mingapi. Unaweza kuacha kazi ya zamani kwa furaha, ukapata mpya, ukakuta likizo unayo lakini haina malipo. Ulizeni pia kipindi cha majaribio kinahesabiwaje likizo ikiangukia katikati yake. Mambo haya yaandikwe. Ahadi ya afisa utumishi kwenye simu, hata awe mkarimu namna gani, inaondoka naye akihamishwa.

Wiki ijayo nina usaili mwingine. Nitavaa gauni linalonitosha. Wakiniuliza naweza kuanza lini, tarehe ninayo. Wakiniuliza najifungua lini, nitawaomba kwa heshima tulizungumze siku watakaponipa barua, na nitakuja na jina la mtu anayeweza kunishikia kazi kwa muda.

Wenu,
Mhasibu