Wanaomtafuta ndege mla kaa Msimbati wafuate maji

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuwaase wanaokwenda Msimbati, kwenye Ghuba ya Mnazi karibu na Mtwara, kumtazama ndege mla kaa (Dromas ardeola). Wengi hurudi mjini mikono mitupu na kusema hayupo. Yupo, ila wamekwenda maji yametoka.

Watu hutoka Mtwara alfajiri kama waendao mbugani. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hukupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Ndege huyafuata mpaka mbali kwenye tope, na hata kwa darubini nzuri utaona vidoa vyeupe tu vikicheza kwenye mvuke wa joto. Maji yakijaa, kwenye saa 10 alasiri, tope lote hufunikwa na kundi hulazimika kukusanyika juu ya fungu la mchanga lililobaki kavu. Kwa hiyo uwe umeketi tayari muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa, jua likiwa mgongoni, meta 200 hivi kutoka kwenye fungu, nawe utulie. Watakuja wenyewe. Maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku, basi usitegemee saa uliyotajiwa wiki iliyopita, waulize wavuvi. Maji mafu, yaani siku maji yanapojaa kidogo tu, hayafai sana: mafungu mengi hubaki wazi na ndege hutawanyika.

Msimu mzuri ni Oktoba hadi Machi. Kuanzia Aprili wakubwa huwa wamekwenda kuzaa kwenye fukwe za Bahari ya Shamu, Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu, jambo la pekee kwa ndege wa jamii ya vitwitwi.

Usimchanganye na yangeyange. Mla kaa ana mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu-buluu na mdomo mweusi mnene kama kisu kifupi. Hukimbia hatua chache, husimama ghafla, hudona. Kaa mkubwa humpigapiga na kumtikisa mpaka miguu na magando yakatike, ndipo humeza kiwiliwili. Tazameni pia wenye mgongo wa kijivu wanaomfuata mkubwa wakipiga mluzi: hao ni makinda ya mwaka huo, na wazazi wao bado huwalisha hapa kwetu, baada ya safari yote hiyo. Kwetu sisi hakuna cha kupendeza kuliko hicho katika ghuba nzima.

Linalotuumiza ni boti zinazoingia katikati ya kundi ili wageni wapate picha ya ndege wakiruka, na magari yanayopita ufukoni wakati wa maji kujaa. Fungu likishazungukwa na maji pande zote, ndege hana pengine pa kupumzika. Akirushwa mara tatu nne alasiri moja, anaunguza mafuta anayohitaji kwa safari ya Machi. Kundi likinyoosha shingo na kugeukia upande mmoja, mmeshakaribia mno. Rudini nyuma polepole.

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ipo tangu mwaka 2000, na ada hulipwa kabla ya kuingia. Tunawaomba manahodha wazime mashine kabla ya kulikaribia fungu, na wamweleze mgeni sababu kabla hajapanda botini.

Watazamaji wa ndege,
Mtwara