Mtumishi wa umma kujiunga na chama cha wafanyakazi sio kosa jamani

Mhariri habari za kazi, naomba nafasi kidogo. Niko Makorora hapa Tanga, ni nesi serikalini huu mwaka wa 16, na hili jambo limenikaa rohoni wiki nzima.

Kuna binti wa ajira mpya kaletwa kituoni kwetu, juzi kanifata kashika fomu ya TUF 6, ile ya kukubali kukatwa ada ya chama, kaikunja mara nne mpaka inaanza kuchanika kwenye mikunjo. Kumbe aliipeleka kwa bosi akarudishiwa palepale, kaambiwa wewe uko kwenye matazamio, hujathibitishwa, na mtumishi wa serikali hana mambo ya vyama, ukitaka siasa acha kazi. Mtoto wa watu sasa anaogopa hata kukaa na sisi saa ya chai.

Chama cha wafanyakazi na siasa wapi na wapi? Ibara ya 20 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kuanzisha na kujiunga na vyama, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 9 inasema kila mfanyakazi, haijasema mpaka uthibitishwe. Waliotolewa kwenye hiyo sheria ni jeshi, polisi, magereza na JKT, manesi hatumo. Fomu ikishajazwa mwajiri kazi yake ni kukata na kupeleka hela kwenye chama, na kumbagua mtu sababu ya chama ni marufuku.

Asiyetaka asijiunge, Katiba hiyohiyo inakataza kumlazimisha. Ila watu hawaambiwi kwamba chama chenye wanachama wengi kikishakubaliana na mwajiri, hata asiye mwanachama anakatwa ada ya uwakala, yaani hela inatoka kwenye mshahara wako kila mwezi na huna kura hata ya mwenyekiti wa tawi. Huyu binti akiangalia salari slipu yake atakuta anachangia sehemu ambayo bosi kamkataza kuingia, inauma sana.

Na nyie viongozi wa matawi, tunawaona Mei Mosi mkigawa tisheti, njooni na vituoni muongee na hawa wageni kabla hawajatishwa.

Jumatatu naenda nae masijala mwenyewe, tumeshatoa kopi 2, na hatuondoki pale bila muhuri wa kupokelewa.

Nesi, Makorora, Tanga