Kaa ndani ya tumbo la jodari: ni kaa gani, na ametoka wapi?

Msimu wa jodari ukinoga, wateja wanaochukua samaki mzima hututumia picha ya namna moja: tumbo limepasuliwa juu ya ubao, na ndani mna kaa wadogo, wengine kamili, wengine wamebaki magando na vipande vya gamba. Swali nalo huwa hilohilo: samaki huyu ni salama?

Kaa hao hawamharibu. Ni chakula chake, alichokila bahari kuu kabla hajavuliwa. Tunataka umjue vizuri kaa huyu, maana watu wengi humdhania kuwa kitoto cha kaa koko, wakaona samaki aliokota uchafu kwenye mikoko ya hapa kwetu.

Mtoe mmoja aliye kamili, umsuuze kwa maji ya bomba, kisha utazame miguu ya mwisho nyuma. Pingili ya mwisho ni bapa na pana, ya kupigia maji. Hiyo ndiyo alama ya ukoo wa kaa waogeleaji, na kaa koko naye yumo humo, kwa hiyo usiishie hapo. Hesabu meno ya ukingo wa gamba, kuanzia pembeni mwa jicho kwenda nje, upande mmoja tu. Kaa koko ana meno tisa yanayokaribiana ukubwa. Kaa wa bluu, yule tunayemuuza kwa kilo, naye ana tisa, lakini la mwisho limerefuka likawa mwiba. (Vitabu vya zamani humwita Portunus pelagicus, tangu 2010 wataalamu wamemtenga huyu wa upande wetu wa Bahari ya Hindi, jina lake Portunus segnis.) Kaa wa tumboni mwa jodari ana meno sita.

Sita ni hesabu ya jamii ya Charybdis, na jamii hiyo ina ndugu wengi. Yupo mmoja mkubwa wa maji ya karibu, Charybdis feriata, mwenye alama ya msalaba mgongoni. Huyo huwezi kumkosea. Huyu wa tumboni hana msalaba. Mgeuze sasa utazame nyuma ya gamba: ukingo wa nyuma umenyooka, na unapokutana na ubavu pana kona kali badala ya mviringo. Rangi usiitegemee hata kidogo, kwa sababu tumbo la samaki huiharibu mapema. Ukubwa nao ni wa kiasi, sentimita chache tu kwa upana wa gamba.

Huyo ni Charybdis smithii. Alielezwa kitaalamu mwaka 1838 na William MacLeay, kutokana na mkusanyo wa wanyama wa Afrika Kusini uliofanywa na daktari Andrew Smith, ndipo akapata jina hilo.

Makazi yake ni makubwa mno: kutoka Afrika Kusini, kupita mbele ya pwani yetu na Somalia, Ghuba ya Aden, Bahari ya Uarabuni hadi India, pamoja na maji ya wazi kuelekea Ushelisheli na mbele zaidi. Kwenye mteremko wa bahari wa India amevuliwa kwa nyavu za kukokota katika kina cha mita 200 na zaidi. Ila hakai chini tu. Huogelea katikati ya maji kwa makundi makubwa, mchana yuko kilindini, usiku anapanda juu. Jodari wa mapezi ya njano humkuta hukohuko. Mvuvi wa dema kwenye miamba hamwoni, na ndiyo maana hata wazee wa baharini ukiwaonyesha huenda wakamshangaa.

Wakati mwingine utakuta na mnyama mwenye mikono iliyokunjwa kifuani kama vunjajungu. Huyo si kaa, ni jamaa mwingine wa bahari kuu, na jodari humla pia.

Kwa hiyo, kaa tumboni hawakuambii kama samaki ameharibika. Ubichi utazame kwenye mashavu, harufu na ugumu wa nyama. Linalotutia wasiwasi sisi kwa jodari ni joto: akiachwa bila barafu, nyama yake hujenga kemikali iitwayo histamini, na histamini haiondoki kwa kupika wala kukaanga. Mtu huwashwa, uso ukawa mwekundu, kichwa kikamuuma, wakati samaki alionekana mzuri tu. Hapo hatuna mjadala. Samaki aliyekosa barafu hatumpokei.

Wapo wanaouliza kama wanaweza kuwapika kaa hao. Tupa. Wameshaanza kumeng'enywa, na nyama yenyewe ni kidogo sana. Kaa wazima wa aina hii hatuuzi, kwa sababu hakuna chombo kinachotuletea.

Ukiagiza jodari mzima, tuambie mapema kama unataka atolewe matumbo. Tunamsafisha, tunamsuuza na kumjaza barafu tumboni bila kukuongezea bei. Ukipenda kumpasua mwenyewe, mfikishe nyumbani kwenye barafu na utoe matumbo siku hiyohiyo. Na ukikuta kaa usiyemtambua, tutumie picha mbili: mgongo mzima, na ukingo wa upande mmoja kwa karibu ili meno yahesabike.