Risala ya Wanafunzi wa Uzamivu Waliofanya Mafunzo Kazini Halmashauri, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Waheshimiwa madiwani,
Wakuu wa idara na wahadhiri wetu,
Viongozi wa wakazi, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wanafunzi wa shahada ya uzamivu tuliomaliza miezi sita ya mafunzo kazini katika idara za mipango miji na maendeleo ya jamii, tunakushukuru kwa kukubali kuja kutusikiliza. Tutajitahidi tusikuchoshe, ingawa watu wa uzamivu hatusifiki kwa ufupi wa maneno.

Tulikuja na maswali yaliyokwisha kupitishwa na vyuo vyetu, na hojaji zimechapwa tayari. Wiki ya kwanza hakuna aliyeziulizia. Afisa aliyetupokea alitaka kujua jambo moja tu: nani kati yetu anaweza kuandika muhtasari wa kikao leo, ukasomeka kesho asubuhi? Tukatazamana. Sisi tumezoea sura moja kwa mwaka.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenzetu mmoja alikabidhiwa kabati la mihutasari ya mikutano ya wakazi wa mtaa unaohuishwa. Humo alikuta ombi la kivuko cha waenda kwa miguu mbele ya shule likijirudia kikao baada ya kikao, na kila mara limejibiwa: "Limepokelewa, linafanyiwa kazi." Halikuwa likifanyiwa kazi. Wala si kwa uvivu. Barabara ile haikuwa ya halmashauri, ilikuwa chini ya mamlaka nyingine. Kila afisa aliyehamia ofisini aligundua hilo upya, akaliacha hapo hapo. Wasioambiwa walikuwa wakazi peke yao. Mwenzetu akaandika barua ya ukurasa mmoja kwa mamlaka husika, mkuu wa idara akaitia saini. Kivuko hakijachorwa hadi leo. Lakini katika mkutano uliofuata wakazi walijua ni mlango gani wa kubisha, na mzee mmoja aliyekuwa amesusa vikao akarudi, japo alikuja kutulaumu.

Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein aliueleza ushirikishwaji wa wananchi kama ngazi ya vipandio 8. Kupashwa habari ni kipandio cha 3, kuombwa maoni ni cha 4, na vyote viwili alivihesabu kuwa ushirikishwaji wa jina tu. Tulikuja na ngazi hiyo mkononi kama fimbo ya kupimia wengine. Kabati lile limetushusha. Mtu ambaye hajaambiwa kwa ukweli "hili hatuna mamlaka nalo" hajafika hata hicho kipandio cha 3, hata akiitwa kwenye mikutano kila mwezi.

Jingine tulilojifunza ni matunzo, na hapa tunaomba uvumilivu wako kidogo. Huko St. Louis, Marekani, mradi wa Pruitt-Igoe ulikuwa na majengo 33 ya ghorofa 11. Wapangaji wa kwanza waliingia mwaka 1954. Mwaka 1972 yakaanza kubomolewa. Sababu zilikuwa nyingi, ila mojawapo ni kwamba fedha za kuyatunza zilitegemea kodi za wapangaji: walipopungua wao, lifti nazo zikafa. Katika mipango tuliyoisoma hapa, ujenzi umeandikiwa kila senti. Nani atabadilisha taa ikiungua mwaka wa tatu? Nafasi hiyo tuliikuta tupu mara nyingi mno. Porto Alegre, Brazil, mwaka 1989 wakazi walianza kujadili wenyewe sehemu ya bajeti ya mji wao. Hatuombi kuiga kila kitu. Tunaomba tu gharama za matunzo ziwekwe mezani siku ile ile wakazi wanapochagua wajengewe nini.

Changamoto hazikukosekana. Kalenda ya bajeti na kalenda ya tasnifu hazifahamiani kabisa. Kibali cha kutumia takwimu kilitufikia wiki ya mwisho, kwa hiyo tunaomba wanafunzi watakaofuata wakikute kimesainiwa kabla hawajaripoti. Kwa wahadhiri wetu ombi ni gumu zaidi: ripoti iliyoandikwa kwa ajili ya halmashauri ihesabiwe kuwa kazi ya kitaaluma, isionekane kama likizo ndefu. Na aliyosema mkazi kwa uchungu mkutanoni yasitokee kwenye tasnifu kabla yeye mwenyewe hajaulizwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunakukabidhi matokeo yetu: kurasa nne, kwa lugha ile ile inayosemwa mkutanoni. Nakala ya kwanza tulimpa yule mzee wiki iliyopita. Ameirudisha jana ikiwa imejaa wino mwekundu, na hii uliyoshika imesharekebishwa.

Tunaomba kuwasilisha.