Usiuruke ule mstari, shoga

Shoga yangu,

Meseji yako nimeisoma jana usiku, nikaona haya si mambo ya kujibu kwa mistari miwili, ngoja nikuandikie barua kabisa. Huku Bagamoyo tupo, kaskazi inavuma, samaki hawashikiki bei, watoto wazima.

Sasa hilo la kwamba mkifika kwenye Baba Yetu pale "kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea" we unafunga mdomo, wenzio wakivuka ndio unaungana nao kwenye kishawishi, limenichekesha afu likaniuma. Nakuelewa mwaya. Mweka hazina anabeba hela za kikoba wiki ya kuvunja, simu kazima, tena mtu mnakaa naye jumuiya moja! Hao wanaokwambia "mwachie Mungu" hisa zao hazikuwemo.

Lakini usiuruke. Nimeangalia Mathayo 6, Yesu akishamaliza kuwafundisha ile sala anarudia kitu kimoja tu, harudi kwenye mkate wala kishawishi, anarudi hapo hapo pa kusamehe, mstari wa 14 na 15, kwamba msiposamehe watu na Baba yenu hatawasamehe nyie. Na Marko 11:25 ndio kabisa, umesimama unasali, una neno na mtu, samehe, hajasema subiri kwanza aje akuombe radhi.

Afu ile ya mtumwa aliyesamehewa deni la talanta elfu kumi, akatoka akamkaba mwenzake amlipe, Mathayo 18, watu wanaihubiri utadhani mwenzake alikuwa anadaiwa senti. Dinari 100 bana! Dinari moja ndio ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, hiyo ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho la mtu, kwahiyo Yesu hajaidharau hela yako hata kidogo, ila talanta moja tu ilikuwa kama dinari 6,000, sasa zidisha mara elfu kumi uone yule alifutiwa nini.

Na kusamehe sio kumrudishia daftari la kikoba, hapana, hilo asilishike tena. Wala hela usiache kudai, maana ina wamama wengine mle, huwezi kuwasamehea wewe. We unachotakiwa kuacha ni zile dua zako za usiku, ati asipate usingizi, ati biashara yake ife. Hizo ndio zinakukaba.

Nikipitaga pale misheni huwa nawaza, mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa 1868, wakawa wanakomboa watumwa, wengi watoto, wanawafundisha kazi na sala. Mtoto katekwa huko bara, kaswagwa mpaka pwani, leo anafundishwa Baba Yetu, akifika mstari ule moyoni anamtaja nani? Sidhani kama ulimtoka kirahisi. Wako nao hautatoka kirahisi, useme hivyo hivyo meno umeyauma, mtaje jina, mwambie Mungu mi sitaki ila nataka nitake. Ile ni sala, unaomba, hujaambiwa uwe umeshamaliza kusamehe ndo uifungue.

Kwa mwenyekiti wa mtaa nenda Jumatatu, usiende peke yako, bebeni na daftari la marejesho. Akiwaita nijulishe amesemaje. Na mkweo nisalimie sana, mguu unaendeleaje?

Wako wa siku zote.