Betri za UPS Jumamosi: naomba mthibitishe

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi saa 1:30 asubuhi tunabadilisha betri za ile UPS kubwa (mashine ya betri inayoendelea kutoa umeme gridi ikikatika) ya ofisini kwetu, Moshi. Seva hatuzizimi. UPS tunaiweka kwenye baipasi, yaani umeme wa gridi unakwenda moja kwa moja kwenye mashine bila kupitia betri wala inveta (sehemu ya UPS inayogeuza umeme wa betri uwe wa kutumiwa na mashine). Kwa muda huo hatuna kinga yoyote. Umeme ukikatika, kila kitu kinazima.

1. Ijumaa, mwisho saa 11 jioni, kila mtu awe amehifadhi kazi na nakala zake.
2. Swichi ni ya fundi peke yake. Anaanza na baipasi ya kwenye paneli, anasubiri taa yake iwake, ndipo anageuza swichi ya ukutani. Ukiruka hatua, inveta inaweza kuungua (na bei yake mnaijua). Betri nazo zina umeme muda wote, msizishike.
3. Chai: 3,000 kwa mweka hazina.

Mlima ukijifunga na radi zikaanza, tunaahirisha hadi Jumapili saa 8 mchana.

Nahitaji wawili wa kubeba betri, ni nzito kwelikweli. Jibuni NIPO au SIPO kabla ya Alhamisi saa 2 usiku. Asanteni.