Risala ya kikundi chetu cha usafi kwa mgeni rasmi, Siku ya Choo Duniani

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa, mtendaji, wajumbe wa mashina, wazee, mama zetu, walimu mliotupa uwanja, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana mtaani, na pole kwa ile barabara. Tunajua pilau linanukia kule nyuma na sisi tumesimama hapa kuongelea vyoo, mtuvumilie tu, leo ndo 19 Novemba, tusipoongea leo tutaongea lini.

Kikundi chetu kina vijana 14 na wengi tulianza kama vyura, yaani wale wanaoshuka shimoni usiku na ndoo na koleo, unamwaga mafuta ya taa kidogo harufu ipungue, unapiga kitu cha kukutoa aibu halafu unaingia. Gambuti hakuna, glavu hakuna. Mwenzetu mmoja alikanyaga wembe humo ndani, mguu ukavimba mwezi mzima, ndo tukashtuka tukachangishana tukanunua pampu ya mkono na guta la kubebea mapipa. Pampu yenyewe ni bomba la plastiki lina mpini juu, mnapokezana watu wawili, mzigo unapanda wenyewe mpaka kwenye pipa, hakuna anayeshuka tena.

Sasa mheshimiwa, Dar es Salaam hii nyumba nyingi hazijaungwa kwenye bomba la majitaka, ni vyoo vya shimo na makaro, na shimo likijaa tunaambiwa ita gari la kunyonya. Gari lipite wapi? Njia pana kuliko zote huku ndani inapita bajaji moja na wewe umejibana ukutani. Gari linaishia kwenye lami, wakiunga mipira yote bado haifiki, na hata ikifika haivuti vizuri maana shimo la uswahilini lina kila kitu, matambara, pedi, chupa, soli za kandambili, inabidi kwanza uvue kwa ndoano ndo unyonye. Halafu wanachaji kwa tripu, mwenye kishimo kilichojengewa matairi manne analipa sawa na mwenye gesti, na tripu moja inazidi kodi ya chumba ya mwezi. Dereva simlaumu, naye akitoka hapa lazima akamwage kwenye mabwawa ya majitaka ya Vingunguti, na foleni ya mji huu mnaijua.

Kwa hiyo watu wanatapisha. Naomba nisizunguke. Choo kinajengwa kabisa na bomba pembeni limezibwa tambara, mvua ikipiga usiku mwenye nyumba anatoka na tochi anachomoa tambara, basi, shimo linapungua na mzigo wote unashuka kwa jirani wa chini. Aprili mwaka huu tulikuwa tumelala tukasikia harufu kabla hata ya maji, asubuhi kandambili za watoto zinaelea uani, masufuria yaliyolala nje yamejaa, na mama mwenye nyumba anachota yale maji na beseni huku analia na huku anatukana. Aliyefungulia alikuwepo pale pale anampa pole. Na wote hapa tunakumbuka Agosti 2015 kipindupindu kilivyoingia jijini, tulikatazwa hadi kuuziana matunda ya kukatwa, lakini matambara yakabaki kwenye mabomba yake.

Anayebanwa hapa ni serikali ya mtaa. Mwenyekiti anaamshwa usiku, mtendaji anaambiwa atoze faini, na siyo kwamba hawatozi, wanatoza. Ila bibi wa watu akishalipa faini shimo lake linakuwa limepungua? Limejaa vile vile na hela ya gari ndo ameshaitoa kwenye faini. Mtaa hauna gari, hauna fungu la majitaka, hauna hata sehemu ya kumwambia mtu peleka hapa. Kampeni ya serikali ya Nyumba ni Choo tuliipokea, vyoo tumejenga, sasa vimejaa.

Na sisi wenye pampu tungeshasaidia zamani, tatizo kibali. Tumeanza kufuatilia tangu Februari. Ofisi ya kwanza ikasema leteni barua ya sehemu mtakayomwaga. Tukaenda kwa wanaopokea, wakasema tunapokea wenye kibali, leteni kibali. Tukarudi, tukaambiwa mhusika yuko semina. Barua inasubiri kibali, kibali kinasubiri barua, na guta liko pale chini ya mwembe matairi yameanza kukauka. Juzi katibu wetu alipeleka nakala ya tatu, akaulizwa kwani hizo mbili ziko wapi!

Tunachoomba mheshimiwa siyo gari, gari halitapita. Tunaomba hizo ofisi mbili zikae meza moja hata siku moja watupe jibu. Tunaomba kituo kidogo cha kupokelea pale karibu na lami, tangi la kuzikwa chini lenye mfuniko, guta linamwaga pale na gari kubwa linakuja kubeba likijaa, hapo hata gharama ya tripu watu wanagawana. Bei ipangwe kwa pipa, mtu mwenye hela ya mapipa mawili atoe mawili leo na mengine mwisho wa mwezi, ndo tunavyonunua hata unga huku kwetu. Na vijana wachomwe sindano za pepopunda na homa ya ini, hilo hata kesho linawezekana.

Kabla ya chakula tunaomba upite pale kwenye mwembe uishike pampu yenyewe, ni safi, tumeijaza maji ya bomba tu, na ndoo ya kunawa ipo na sabuni. Nakala ya nne ya barua iko kwenye bahasha ya kaki, katibu atakukabidhi.

Tunaomba kuwasilisha.